Bia ya ngano ya Kimarekani kwa sufuria ya nyumbani: somo kutoka Nakuru

Mara ya kwanza kupika bia ya ngano nilipata ugali. Kilo 4 na nusu za kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa), lita 14 za maji, saa nzima ya kungoja, kisha nikafungua mfereji wa sufuria. Likatoka tone, likatoka la pili, basi. Mzee wangu alipita jikoni, akachungulia sufuria, akauliza mboga iko wapi.

Kosa halikuwa la moto wala la maji. Ngano haina ganda. Shayiri ikipurwa hubaki imevaa ganda lake, na ndani ya sufuria maganda hayo yanapangana na kuwa chujio. Ngano huvuliwa palepale shambani. Ukiisaga na kuiloweka inanata, kwa sababu ina protini nyingi na ulimbo wake wenyewe. Karibu kila kitu cha pekee katika bia hii kinatokana na hapo: ukungu kwenye glasi, povu lisilokufa haraka, na hiyo shida ya sufuria kuziba. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kimea na kuchuja. Mengine nitapita mbio.

Ni bia gani hasa

Wengi wakisikia bia ya ngano wanafikiria ya Kijerumani, ile ya Bavaria yenye harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Harufu ile haitoki kwenye ngano, inatoka kwenye hamira yao. Wamarekani walichukua ngano wakaacha hamira. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilitoa yake 1984, na 1986 ndugu wa Widmer huko Portland, Oregon, wakaanza kuuza yao bila kuichuja, na ukungu wake wote. Hamira ni ya kawaida isiyo na makeke, na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu na harufu, ni za kwao, hasa Cascade, iliyotolewa Oregon 1972, yenye harufu ya maganda ya chungwa na balungi.

Kwa vipimo: uzito wa mwanzo, yaani wa maji matamu ya kimea kabla ya hamira, maji matupu yakiwa 1.000, ni 1.040 hadi 1.055, wa mwisho 1.008 hadi 1.013, kileo asilimia 4 hadi 5.5, uchungu kati ya 15 na 30 kwa kipimo cha IBU. Hesabu yangu hapa inalenga 1.047, na ikiisha vizuri unapata kama asilimia 4.8.

Na la sheria nilimalize mapema. Sheria ya vileo ya 2010, ile wengi wanaiita sheria ya Mututho, inataka leseni kwa anayetengeneza kileo, si anayeuza tu. Pita ofisi ya leseni ya kaunti yako kabla hujanunua sufuria. Mimi napikia kwenye banda la jamaa yangu mwenye leseni, na nikitoka nalipa gesi niliyotumia.

Maji

Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa habari ya floraidi; angalia meno yetu. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO inaweka kama kikomo, na kuchemsha hakuitoi. Maji yanapanda mvuke, floraidi inabaki, inazidi kukolea. Na hapa tunachemsha zaidi ya saa moja. Kwa hiyo sitii maji ya kisima. Natumia ya mvua kutoka kwenye mabati, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Mwenye chujio la mkaa wa mifupa atumie hilo, linashika floraidi vizuri.

Maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo ongeza kijiko kidogo cha kloridi ya kalsiamu, gramu 4 hivi. Kama unatumia ya mfereji, yaache wazi usiku kucha klorini ipungue. Klorini ikikutana na kimea bia inanuka plasta ya kidonda, na harufu hiyo haiondoki hata ungoje mwaka.

Kimea cha ngano

Unahitaji kilo 2.2 za kimea cha ngano na kilo 2.3 za kimea cheupe cha shayiri. Cha shayiri nanunua tayari kwa wauzaji wa vifaa vya bia. Cha ngano nakitengeneza mwenyewe, kwa sababu Njoro iko hapo na ngano ya kula si ghali mavuno yakitoka.

Nunua kilo 3, kwa kuwa utapoteza. Loweka saa 8, mwaga maji, iache ipumue saa 8, loweka tena, hivyo hivyo mpaka siku mbili karibu ziishe. Mbegu zikizama bila hewa muda mrefu zinakufa na kunuka. Kisha tandaza juu ya gunia safi kivulini, unene wa vidole viwili vitatu, ugeuze asubuhi, mchana na jioni.

Hapa nilifundishwa na kukhu wangu, yaani bibi, kule Butere, ambaye hakuwahi kushika kipimajoto maisha yake. Alikuwa akipika busaa, pombe ya nafaka ya kienyeji, na kimea chake kilikuwa cha wimbi. Alitia mkono katikati ya rundo. Likianza kupata uvuguvugu, aligeuza. Likiwa baridi kama sakafu, alifunika na gunia la pili. Nimejaribu na kipimajoto baadaye: mkono wake ulikuwa sahihi. Unataka digrii 15 hadi 20, ukiona 25 umechelewa kugeuza.

Siku ya tatu au ya nne chipukizi linaonekana. Kwenye shayiri limejificha chini ya ganda mpaka uipasue. Kwenye ngano unaliona waziwazi likipanda mgongoni mwa mbegu. Likifika robo tatu ya urefu wa punje, simamisha. Usingoje liwe majani, utakuwa umelima badala ya kupika. Na ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga rundo lote. Usichague punje nzuri nzuri. Sumu ya ukungu haiishi kwa kuchemsha.

Anika juani siku mbili mpaka punje ikivunjwa ilie, kisha iweke ndani ya oveni ya digrii 80 kwa saa 3. Kukhu aliishia juani, na kwa busaa inatosha. Kwa bia hii, bila oveni unabaki na ladha ya maharagwe mabichi. Mwisho sugua kwenye mfuko wa neti mizizi ianguke.

Kusaga

Mara ya kwanza nilipeleka kwa kinu cha mtaani. Kijana wa pale akauliza, "Mama, hii ni ya kuku?" Nikasema ndiyo, ili nisieleze. Akaisaga laini kama unga wa chapati, kwa wema kabisa, na huo ndio ugali niliowaambia. Kinu cha unga hakifai. Tafuta mashine ya mkono ya kusagia karanga na mahindi, ile ya kufungwa kwenye meza, uilegeze: punje ivunjike vipande vitatu vinne, isiwe unga. Ngano ni ndogo na ngumu kuliko shayiri, kwa hiyo saga shayiri kwanza, kisha kaza kidogo, usage ngano.

Kuloweka na kuchuja

Sufuria yangu ni ya lita 40. Fundi wa jua kali aliitoboa chini akaweka mfereji, na ndani akanikatia sahani ya chuma yenye matundu.

Hapa ndipo unapoipa ngano ganda ambalo haina. Chukua gramu 300 za maganda ya mpunga. Mimi naletewa gunia kutoka Ahero, ambako kwenye vinu vya mpunga maganda ni takataka. Gunia moja linanipeleka mwaka. Yaoshe mara mbili mpaka maji yawe meupe, yachemshe dakika 5, uyachanganye na kimea kikavu kabla ya maji. Hayaongezi ladha wala sukari. Kazi yake ni kushika nafasi tu.

Chemsha lita 14 za maji mpaka digrii 73, mimina kimea huku mtu mwingine akikoroga, lisibaki donge. Joto litashuka mpaka 66 au 67. Funika, zungushia blanketi, ngoja dakika 60. Ukitaka uhakika, weka tone la mchuzi, yale maji matamu ya kimea, kwenye sahani nyeupe, na juu yake tone la aidini ya kidonda kutoka duka la dawa. Ikigeuka bluu nyeusi wanga bado haujawa sukari, ongeza dakika 15. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, umefika. Sahani hiyo mwaga, usirudishe sufuriani.

Fungua mfereji kidogo sana. Narudia: kidogo sana, uzi mwembamba. Ukifungua wote, uzito wa juu unalala chini na kuziba, hata na maganda ya Ahero. Lita 3 za kwanza zitatoka na matope. Zirudishe juu polepole mpaka zitoke safi. Kisha osha machicha kwa lita 16 au 17 za maji ya digrii 76, ukimimina kidogo kidogo. Shughuli hii inachukua dakika 50. Aliye na haraka apike chai.

Ikiziba? Funga mfereji, koroga machicha mpaka chini, ngoja dakika 10, anza upya. Machicha yakiisha kazi, jirani mwenye ng'ombe atayachukua yangali moto.

Kuchemsha

Unapaswa kuwa na lita 26 hivi. Chemsha dakika 75 bila kifuniko. Nakuru tuko mita kama 1,850 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye digrii 94, si 100. Mapishi ya Marekani mengi yameandikwa kwa watu wa nyanda za chini, na hopsi hutoa uchungu pungufu maji yakiwa na joto pungufu. Ndiyo maana ninaongeza: pishi la mtu wa pwani lingetaka gramu 25 za mwanzo, mimi naweka 35.

Cascade, basi: gramu 35 zikibaki dakika 60, gramu 15 zikibaki dakika 10, gramu 20 ukizima moto. Simama karibu povu la kwanza linapopanda. Mchuzi wa ngano hufura kuliko maziwa, na kufuta sukari iliyoungua kwenye jiko ni adhabu.

Kupoza na hamira

Kuanzia hapa kila kinachogusa bia kiwe kimesafishwa kwa dawa. Weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, ubadilishe maji mara tatu nne, mpaka digrii 18. Mimina kwenye ndoo ya kuchachulia kutoka juu ili ishike hewa. Nyunyiza pakiti moja ya hamira kavu ya bia ya Kimarekani, gramu 11.5. Hamira ya mkate hapana. Funga kifuniko chenye mrija wa kupumulia. Nzi mmoja mdogo wa matunda akiingia anakuachia siki.

Weka chumba kisicho na jua, digrii 18 hadi 20. Nyumba ya mawe ya Nakuru inatosha yenyewe miezi mingi. Siku 10 hadi 14.

Chupa

Pima kwa haidromita, kile kipimo cha uzito wa bia, siku tatu mfululizo. Namba isiposogea, tia chupani. Mimi niliwahi kupima siku moja tu, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Saa 9 usiku kabati lililia kama bunduki, chupa tatu, na vipande vya glasi nikavitoa kwenye koti la mzee wangu la kanisani. Aliyenifungulia mlango wa kabati alikuwa binti yangu, miguu peku, na bahati ilikuwa yake.

Chemsha gramu 130 za sukari katika vikombe viwili vya maji, mimina kwenye bia lita 20, changanya bila kutikisa. Chupa za kahawia za nusu lita, kama 38, vizibo vipya. Wiki 2 chumbani ndani ya kreti iliyofunikwa, kisha friji. Usiihifadhi: bia hii ni ya kunywa changa, ndani ya miezi miwili. Ukimimina, acha kidogo chini, zungusha chupa, kisha umalizie na ile hamira. Wengine hutia kipande cha ndimu. Nimeitafuta harufu ya Cascade kwa gharama, siwezi kuifunika na ndimu ya shilingi 5.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Kutoka Kisumu:* Mama, habari ya Nakuru. Chumba changu hakishuki chini ya digrii 27 hata usiku. Nimejaribu mara mbili, bia inanuka rangi ya kucha na kichwa kinauma kesho yake. Nifanyeje bila kununua friji ya pili?

Nzuri, ndugu. Joto ndilo linalokuumiza. Siku 3 za kwanza ndizo muhimu, baada ya hapo ubaya mwingi umeshapita. Simamisha ndoo kwenye beseni la maji, ivishe fulana kuukuu iliyolowa na ncha yake iwe ndani ya maji, na kila asubuhi na jioni tia chupa mbili za maji yaliyoganda. Unaweza kupata 20 au 21. Njia ya pili, kama hutaki kazi hiyo: tafuta hamira ya kveik ya Norway, aina ya Voss. Inafanya kazi kwenye digrii 30 na zaidi bila kunuka, na inaacha harufu ya chungwa inayopatana na Cascade. Kwa joto la Kisumu hiyo ni zawadi.

*Kutoka Eldoret:* Nimebaki na nusu gunia la ngano ya mbegu msimu uliopita. Naweza kuotesha hiyo? Ni safi, imepakwa rangi nyekundu tu.

Usithubutu, kaka. Rangi hiyo ni alama kwamba imetiwa dawa ya kuua ukungu na wadudu. Haioshwi, wala usiwape kuku. Nunua ngano ya kula kwa mkulima, kabla haijapelekwa kiwandani, na uliza kama ghalani iliwekewa dawa ya wadudu. Na kwa kuwa Eldoret mko juu zaidi yetu, zaidi ya mita 2,000, ongeza gramu 5 za hopsi za mwanzo.

*Kutoka Maseno:* Hopsi ni ghali. Nina shamba na maji. Siwezi kuzipanda mwenyewe?

Mwalimu, mstari wa ikweta unapita hapo kwenu, na ndiyo shida yenyewe. Hopsi ni mmea wa nchi zenye siku ndefu za kiangazi, mwanga saa 15 na zaidi, ndipo urefuke kabla ya kutoa maua. Kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima. Utapanda, utaota, utachanua ukiwa mfupi na maua yatakuwa machache. Panda mmoja kwa kuupenda, lakini usiuwekee hesabu. Kupunguza gharama, nunueni pakiti kubwa watu watatu, mgawane, muihifadhi kwenye friza bila hewa.

*Kutoka Bungoma:* Swali la mama mkwe, si langu. Anasema pombe za kujipikia zinapofusha. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, kwa maana hoja yake ina msingi. Mei 2014 watu walikufa Embu na kaunti nyingine, na waliobaki wengine hawaoni mpaka leo. Lakini kilichowaua ni methanoli ya viwandani iliyotiwa kwenye vinywaji ili vikolee. Nafaka ikichachuka yenyewe haitoi methanoli ya kudhuru, na hapa hatukeneki kitu. Cha kuogopa kwenye bia hii ni chupa kupasuka na ukungu kwenye kimea. Mwambie pia ukweli kwamba kileo ni kileo, asilimia 4.8 ni ile ile hata ukipika mwenyewe.

*Kutoka Bahati:* Yangu haina gesi kabisa, wiki ya tatu. Nilifuata gramu 130.

Ulihifadhi wapi, dada? Nakumbuka ulisema sakafuni, na Julai ya Bahati ni baridi. Hamira imelala. Zilete jikoni juu ya kabati, zipindue chupa mara moja kwa siku ili ile hamira ya chini inyanyuke, upe siku 10. Kama bado, fungua moja ukague kizibo. Ukipulizia na kusikia hewa inapita, mashine yako ya kufungia haibani.

*Kutoka Butere:* Nimeona umemtaja kukhu wa kwetu. Sasa kwa nini ununue shayiri? Wimbi si lipo?

Nimejaribu, mwana wetu. Wimbi lina vimeng'enya pungufu vya kuvunja wanga kuliko shayiri, na wanga wake unataka joto zaidi kulainika, joto linaloua vimeng'enya hivyo hivyo. Busaa inakwepa hilo kwa sababu unga wa mahindi umeshakaangwa kwenye bati, na hakuna anayelalamika ikibaki na wanga. Lakini kimea cha ngano kina nguvu za kutosha kujivunja chenyewe na kusaidia kingine. Fanya hivi: ngano kilo 3, shayiri kilo 1, wimbi la kimea nusu kilo, ulipike wimbi peke yake kama uji dakika 20, lipoe mpaka digrii 67, ndipo uchanganye. Maganda ya mpunga ongeza mpaka gramu 450, maana wimbi nalo halina la kukusaidia. Nilipata bia yenye rangi ya shaba na uchachu mdogo nyuma ya ulimi. Nilimpelekea mama yangu chupa mbili. Alikunywa moja, nyingine akaimimina kwenye chungu cha busaa ili, alisema, iongezewe nguvu.